Kiti cha mtoto kwenye gari: namna ya kupata msaada wa kukifunga ukiwa Mtwara au Lindi

Kiti cha mtoto mara nyingi kinafika huku kwetu bila mtu wa kukieleza. Kimetoka Kariakoo kwenye buti la basi, kimezungushiwa kamba, na kitabu cha maelekezo kimebaki dukani. Au kimeletwa na shangazi aliyekuja likizo kutoka nje. Au ni mtumba, kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho. Mzazi anakiweka siti ya nyuma, anapitisha mkanda pale anapoona panapitika, anamkalisha mtoto, safari inaanza. Kwa macho kila kitu kiko sawa. Ukikishika kwa mkono kinacheza, kinakwenda kulia na kushoto bila shida yoyote.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye kiti anacho, au anakaribia kukipata, na anataka mtu wa kumsaidia kukifunga inavyotakiwa. Msimamo wangu nautaja mapema: tafuta msaada, usione aibu kuomba, lakini mikono inayokaza mkanda mara ya mwisho iwe yako. Kiti cha mtoto hakifungwi mara moja kikaisha. Kesho gari litabeba magunia, keshokutwa litaoshwa, Jumamosi litaazimwa kwa ajili ya harusi, na kila mara kiti kitatolewa na kurudishwa. Fundi aliyekufungia Jumatatu hatakuwepo siku hiyo. Utakuwepo wewe.

Na tofauti ya kufunga vizuri na kufunga ovyo ni kubwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kuwa kiti kinachotumiwa sawasawa kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwenye magari madogo kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Lakini huko huko Marekani, uchunguzi wa mamlaka hiyo wa mwaka 2011 ulikuta karibu nusu ya viti, asilimia 46, vimefungwa au vinatumiwa vibaya. Kama kwao, kwenye vitabu na wakaguzi, nusu wanakosea, basi mzazi wa Chikongola au wa Mtama anayehangaika na mkanda asijidharau. Kazi hii ina ugumu wake kweli.

Hatua ya kwanza: kikague kiti kabla hujamwita mtu

Utampotezea fundi muda ukimwita aje kufunga kiti ambacho hakifai kufungwa. Kwa hiyo anza na kiti chenyewe, mchana, mahali penye mwanga.

Kigeuze utafute lebo. Viti vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyotoa kibali: E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza, E43 ni Japani. Kwenye lebo hiyo hiyo utaona kanuni iliyotumika. Ikiwa ni R44, kiti kinapangwa kwa uzito wa mtoto: hadi kilo 13, kilo 9 hadi 18, kilo 15 hadi 36, na kadhalika. Ikiwa ni R129, kanuni mpya iliyoanza mwaka 2013, kinapangwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita. Kiti cha Marekani hakina hiyo E. Kwenye karatasi yake kimeandikwa kwamba kinatimiza FMVSS 213, yaani kiwango cha usalama cha Marekani cha viti vya watoto. Kiti kisicho na lebo ya aina yoyote usikifunge. Huna namna ya kujua kilitengenezwa kwa mtoto wa kiasi gani, wala kama kiliwahi kupimwa.

Uzito wa mtoto usiukisie. Chukua kadi ya kliniki, angalia kipimo cha mwisho, linganisha na lebo.

Halafu tafuta tarehe. Kwenye plastiki ya chini au ya mgongoni huwa pamechapwa mwaka wa kutengenezwa, wakati mwingine ndani ya kiduara chenye mshale. Watengenezaji wengi wanakipa kiti umri wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki inachoka, na gari linaloshinda juani kwenye joto la pwani halikipi nafuu.

Kuhusu mitumba nina neno. Kiti kinaweza kuwa safi, kitambaa kinang'aa, na ndani kina ufa kwa sababu kilikuwamo kwenye gari lililogongwa. Muuzaji wa mnadani hajui kilikotoka, na wewe hutajua. Vua kitambaa chote, pitisha vidole kwenye plastiki na povu, kagua mikanda kama imechanika au imefifia, funga na fungua kifungio mara kadhaa usikie kinavyolia. Ukikuta ufa, au kipande kinakosekana, kiache. Kama unajua kilitoka kwa nani, kwa mfano kwa dada yako ambaye mtoto wake kakua, na anakuhakikishia hakijawahi kupata ajali, hicho ni kitu kingine, kitumie kwa amani. Mimi ningenunua kiti kipya cha kawaida kabla ya mtumba wa kifahari usio na historia.

Mwisho, kitabu. Kama hakipo, jina la kampuni na namba ya modeli viko kwenye lebo. Ziandike mtandaoni ukiongeza neno la Kiingereza la kitabu cha maelekezo, "manual", upakue. Kampuni nyingi zimeweka na video. Ihifadhi kwenye simu kabisa, maana siku ya kufunga usije ukaanza kuhangaika na bando.

Hatua ya pili: lijue gari lako

Magari mengi tunayoendesha huku ni yaliyotumika Japani: IST, Raum, Spacio, Noah, Probox. Yana mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni mikanda ya nyuma. Keti nyuma uhesabu mikanda inayopita begani na ile inayopita kiunoni tu. Magari ya zamani, siti ya katikati mara nyingi ina mkanda wa kiunoni peke yake. Viti vingi vya watoto vinahitaji mkanda wa begani, na kiti cha kuinulia mtoto mkubwa, kile kinachomnyanyua ili mkanda wa gari umkae sawa, hakifai kabisa kwenye mkanda wa kiunoni. Angalia pia kama vifungio vipo. Kuna magari ambayo vifungio vya nyuma vimezama chini ya siti tangu yanunuliwe, na hakuna aliyewahi kuvitafuta. Ingiza mkono, vivute juu.

La pili, jinsi mkanda unavyojiloki. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, kisha uachie taratibu urudi. Ukisikia tika tika tika unaporudi, na ukijaribu kuuvuta tena unagoma, gari lako lina mkanda unaojiloki moja kwa moja, na hilo litakurahisishia kazi. Usiposikia kitu, mkanda wako unaloki pale tu unapovutwa ghafla. Jaribu kuuvuta kwa kishindo uone kama unashika. Usiposhika, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi, kiti kitasubiri.

La tatu ni vishikizo vya ISOFIX, yaani vyuma vya gari ambavyo kiti cha mtoto kinajinasa bila kutumia mkanda wa gari. Ingiza vidole pale mgongo wa siti unapokutana na makalio ya siti, karibu na kila pembe. Ukigusa vyuma viwili vigumu vyenye umbo la U, vikiwa vimeachana kama sentimita 28, unavyo. Magari mapya ya Japani yalilazimishwa kuwa navyo kuanzia mwaka 2012, lakini mengi ya kabla ya hapo nayo yanavyo.

La nne ni eabegi ya mbele, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na hapa naomba usome mara mbili. Kiti kinachomfanya mtoto aangalie nyuma kamwe kisiwekwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Eabegi ikifumuka inaupiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo, sentimita chache nyuma ya plastiki. Tahadhari hiyo imebandikwa kwenye kizuia jua cha upande wa abiria, mara nyingi kwa Kijapani, yenye picha ya mtoto iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Ukiambiwa "eabegi ya gari hili ilishatolewa," bado mweke mtoto nyuma. Wa kukuhakikishia hilo kwa kulifungua dashibodi ni mmoja katika wengi wanaolisema.

Kwa lebo za Kijapani, programu za kutafsiri kwenye simu zinasoma kwa kamera. Tafsiri inakuja imepinda, lakini unapata maana.

Mahali pazuri ni katikati ya siti ya nyuma, kama pana mkanda wa begani na siti ni bapa. Kama sivyo, weka kushoto. Magari yetu yana usukani kulia na tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa kushoto unafungukia pembeni mwa barabara. Utamshusha mtoto ukiwa umesimama salama, bodaboda zikipita upande wa pili.

Hatua ya tatu: nani wa kumwomba

Marekani wapo watu waliosomea kazi hii na kupewa cheti. Mzazi anakwenda, pengine kwenye kituo cha zimamoto au kwenye maonyesho ya afya, gari linakaguliwa bure. Jambo moja katika utaratibu wao ndilo ninalotaka tuliige: yule mkaguzi anaelekeza, mzazi ndiye anayefunga kwa mikono yake, na haondoki mpaka ameweza.

Huku kwetu msaada utaukusanya kwa watu kadhaa, na kila mmoja umwombe lile analolijua.

Fundi wa gereji unayemwamini ndiye wa mambo ya gari. Atajua kama mkanda unashika, kama kifungio kimeliwa, kama chuma kile ni cha ISOFIX au ni cha kufungia mizigo, kama taa ya eabegi inayowaka kwenye dashibodi ina maana gani. Fundi wa siti naye anafaa, hasa kama siti zako zilishonwa upya. Kitambaa kipya wakati mwingine kimeziba kabisa njia ya vishikizo. Lakini fundi huyo anaweza kuwa hajawahi kumfunga mtoto kwenye kiti hata siku moja. Usimdai elimu asiyokuwa nayo.

Aliyekuuzia kiti, hata kama yuko Dar, mwombe simu ya video. Mwonyeshe siti yako, mwonyeshe mkanda ulivyopita. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakubali.

Ndugu anayetumia kiti kila siku ni hazina. Shemeji aliyeko Muscat au London, au jirani yako wa Shangani ambaye mtoto wake wa pili yuko kwenye kiti sasa hivi, ameshapita kwenye usumbufu wote huu. Tahadhari yake ni moja tu: anajua kiti chake, na chako kinaweza kupita mkanda kwa njia nyingine. Kitabu chako ndicho kinachokata shauri.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, au mwenye shida ya kupumua, ongea na daktari kabla ya kumtoa hospitali kwa gari. Ukiwa Ligula, au Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au Ndanda, muulize wazi: mtoto huyu anaweza kukaa kwa pembe hii kwa muda gani?

Sasa namna ya kuomba. Ukimwachia fundi funguo ukaenda sokoni, utakuta kiti kimefungwa, kimekaza kweli, na hujui kilivyofungwa. Kwa hiyo mwambie mapema: "Fundi, naomba nusu saa yako. Nafunga mwenyewe, wewe nitazame, pale ninapokosea unisimamishe." Baadhi watakuambia, "Acha mama, hii kazi ya dakika mbili, lete." Mshukuru, na urudie ombi lako kwa upole. Na mlipe. Muda wake wa kusimama kando na kutazama ni kazi kama kazi nyingine.

Hatua ya nne: siku ya kufunga

Egesha gari mahali pa tambarare. Ukiwa Mikindani upande wa kilimani, shuka kwanza hadi barabarani, kwa sababu pembe ya kiti cha mtoto mchanga inapimwa kwa kulinganisha na ardhi. Toa kila kitu kwenye siti: matandiko, mito, kitambaa cha manyoya, ule mkeka wa mbao wa kupunguza joto. Kiti kigusane na siti yenyewe.

Mtoto mchanga anaangalia nyuma. Kanuni ya R129 inadai hivyo mpaka apite miezi 15, na madaktari wengi wa watoto wanashauri aendelee hivyo mpaka afikie kikomo cha kiti chake. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa shingo yake. Gari likisimama ghafla akiwa anaangalia mbele, mwili unashikwa na mikanda, kichwa kinarushwa. Akiwa anaangalia nyuma, mgongo wote na kichwa vinapokelewa na kiti kwa pamoja. Miguu yake kukunjika kwenye mgongo wa siti si tatizo. Watoto wanakaa hivyo kwa raha.

Weka kiti kikiangalia nyuma. Kwenye viti vingi vyenye lebo ya E, njia ya mkanda imepakwa rangi: buluu ni ya kuangalia nyuma, nyekundu ni ya kuangalia mbele. Mkanda wa kiunoni unapita kwenye vishikio vya pembeni vya buluu, juu ya mapaja ya mtoto. Ule wa begani unazunguka mgongo wa kiti. Kuna viti vinavyopitisha tofauti, ndiyo maana kitabu kiwe wazi mbele yako. Hakikisha mkanda haujajikunja popote. Funga kifungio usikie kikilia.

Sasa ndipo kazi ilipo. Weka kiganja kimoja katikati ya kiti ukandamize kwa uzito wako, kikikataa tumia goti, na kwa mkono wa pili vuta mkanda wa begani kuelekea juu. Ukaze ule wa kiunoni kwanza, mlegeo wote uhamie begani, kisha urudi ndani. Vuta, kandamiza, vuta tena. Watu wengi wanavuta bila kukandamiza, mkanda unaonekana umekaza, halafu siti ikinywea baada ya matuta mawili ya barabarani kiti kinalegea. Kama mkanda wako ni ule wa tika tika, uuvute wote mpaka mwisho kabla ya kukaza, ujiloki.

Angalia kifungio cha gari kiko wapi. Kikiwa kimelala juu ya ukingo wa plastiki ya kiti, kimepinda, kinaweza kuvunjika au kufunguka kwa mshtuko. Hamisha kiti siti ya upande wa pili ujaribu upya.

Pembe. Mtoto mchanga anahitaji kulala kama nyuzi 45. Viti vingi vina mstari pembeni ambao unatakiwa ulale sambamba na ardhi, au kikapira kinachoelea ndani ya kioo kidogo. Kiti kikisimama sana, kidevu cha mtoto kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Hatalia, atanyamaza tu, na ndiyo hatari yake. Siti za magari mengi zimelala kuelekea nyuma, kwa hiyo kiti kinachoangalia nyuma huwa kinasimama kupita kiasi. Kitabu kikiruhusu, viringisha taulo ngumu uliweke pale mgongo wa siti unapokutana na makalio, chini ya kiti.

Kwa mtoto mkubwa anayeangalia mbele, mkanda unapita njia nyekundu, nyuma ya mgongo wa mtoto. Kiegemeo cha kichwa cha gari kikisukuma kiti mbele, kinyanyue au kichomoe. Kama kiti kina mkanda wa juu wenye ndoano, upeleke nyuma ya siti kwenye kishikizo chake, ambacho kiko mgongoni mwa siti au sakafuni mwa buti. Hapa ndipo macho ya fundi yanahitajika: zile pete za kufungia mizigo kwenye buti hazikutengenezwa kuhimili mshtuko huo.

ISOFIX ni rahisi zaidi. Sukuma mikono miwili ya chuma mpaka ilie, alama zigeuke kijani pande zote mbili, halafu funga mkanda wa juu au shusha mguu wa kukishikilia mpaka uguse sakafu. Uzito wa mtoto na kiti kwa pamoja usizidi kilo 33. Usiongeze na mkanda wa gari "kwa uhakika zaidi" isipokuwa kitabu kimesema.

Kisha pima. Shika kiti pale mkanda unapopita, sukuma na vuta kwa nguvu ya mkono mmoja, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5, yaani kama upana wa kidole gumba. Ukishika juu kabisa kitacheza tu, hasa kinachoangalia nyuma, na hilo halina neno. Fundi naye apime. Halafu ufanye kitu ambacho wengi wanakiruka: kifungue chote, kitoe nje, ukifunge upya bila kuambiwa neno. Fundi akinyamaza mpaka mwisho, umejifunza.

Hatua ya tano: kumfunga mtoto

Kiti kilichokaza na mtoto aliyelegea ni kazi bure. Akiangalia nyuma, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akiangalia mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Kaza, kisha jaribu kuuchuna mkanda begani kwa vidole viwili, kama unamfinya. Vidole vikipata mkunjo wa kushika, bado umelegea.

Kanga na shali zinakaa juu ya mikanda, baada ya kufunga. Mtoto aliyeviringishwa kwanza halafu akafungwa ana mlegeo uliojificha ndani ya nguo. Mshtuko ukija nguo inanywea, mtoto anachomoka.

Vyuma vya kifungio vinaunguza gari likishinda juani pale bandarini au stendi. Funika kiti na kanga unapoegesha, na viguse kwanza kwa mkono wako. Na usimwache mtoto garini hata kama unakimbilia dukani tu. Ndani ya dakika 10 joto la gari lililofungwa linaweza kupanda nyuzi 10.

Anayefikisha kimo cha kutoka kwenye mikanda ya ndani anahamia kiti cha kuinulia, mpaka afike sentimita 135 hadi 150. Mkanda wa kiunoni ulale chini kwenye nyonga, usipande tumboni. Wa begani upite katikati ya bega, na asiupitishe chini ya kwapa.

Watu wa nyumbani

Kuna mazungumzo ambayo yatakuja, na ni bora uyafanye kabla ya safari kuliko barabarani. Mtoto analia baada ya Mnazi Mmoja, na bibi yake amekaa pembeni: "Mnamfunga mjukuu wangu kama mfungwa? Mfungue, nipeni nimpakate." Usimjibu kwa ukali, anasema kwa mapenzi. Lakini usimfungue. Simamisha gari, mtoe, mnyonyesheni, mbembelezeni, mrudisheni kwenye kiti, ndipo muondoke. Na siku nyingine, mkiwa mmekaa nyumbani, mweleze bibi hesabu hii: gari likienda 50 kwa saa, mwendo wa kwenye makazi ya watu, likagonga na kusimama, mtoto wa kilo 8 anarushwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya korosho na zaidi. "Bibi, mikono yako ninaiamini. Lakini haya magunia hayashikiki na mtu."

Dada wa kazi, dereva na mjomba anayeazima gari nao wafundishwe. Piga picha kiti kikiwa kimefungwa sawasawa: mkanda ulivyopita kila upande, pembe, kifungio. Zitume kwa kila anayeendesha gari hilo.

Kiti kikitolewa

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, gari la familia linageuka la mizigo. Kiti kinatupwa stoo, chini ya magunia, kando ya dawa za kupulizia mikorosho. Kiweke juu, mahali pakavu, mbali na dawa, ndani ya mfuko. Kabla ya kukirudisha, kikague upya kama mara ya kwanza.

Mchanga wa Shangani au Msimbati ukiingia kwenye kifungio, kitaanza kugoma. Kisafishe kwa maji kama kitabu kinavyosema, kikauke. Usitie grisi wala mafuta ya nazi. Mikanda ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Dawa ya kung'arisha nguo inaidhoofisha.

Safari ndefu

Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Mtoto mchanga asikae kwenye kiti zaidi ya saa mbili mfululizo, na mwenye wiki chache pungufu ya hapo. Panga vituo kabla ya kuondoka: Mnazi Mmoja, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri. Kila mnaposimama, mtoe kabisa alale bapa. Kabla ya kumrudisha, pima kiti kwa mkono, sekunde chache tu, kwa sababu vipande vyenye mashimo vinalegeza mikanda.

Bajaji haina pa kukifunga kiti hiki. Kwa teksi, muulize dereva kwa simu kama mikanda ya nyuma ipo na inafanya kazi, ufike mapema, na ukifunge wewe.

Ikitokea gari limegongwa kwa nguvu, hata kama mtoto hakuwemo na kiti kinaonekana kizima, hakifai tena. Usimpe jirani, usikiuze. Kata mikanda yake yote kwa mkasi na uandike kwa maka pen kwenye plastiki kwamba kimepata ajali, ndipo ukitupe.